Vijana Waliosomea Uhifadhi Waajiriwe Kwao

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba unifadhili nafasi katika safu za gazeti lako niwasilishe mbele ya wasomaji, na mbele ya wakubwa ambao huenda wakazipitishia macho, dhuluma moja inayotusibu sisi wazazi wa Walikale, mashariki ya Kongo, nayo ni kwamba tunahimizwa kila mwaka tuwapeleke watoto wetu vyuo vikuu wakasomee uhifadhi wa maliasili, kwa hoja kwamba msitu ni wetu na hapana budi usimamiwe na sisi wenyewe, kisha watoto hao warudipo na shahada zao, kazi zote za maana za msitu huohuo hupewa watu watokao mbali.

Isidhaniwe kwamba nasema haya kwa kuuchukia uhifadhi. Wazee wetu wanakumbuka jinsi Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilivyopanuliwa mwaka 1975 ikateremka hadi misitu ya Walikale na Shabunda pasipo wenyeji kutakwa shauri, na uchungu wa siku zile haujesha hata leo. Lakini wanakumbuka vilevile kwamba mwaka 1998, kule Tayna, wami, yaani machifu wa mila, wenyewe ndio waliokubaliana kutenga msitu kwa ajili ya gorila, na kwamba katika makubaliano hayo kilipata asili yake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, chuo cha uhifadhi cha Kasugho katika wilaya jirani ya Lubero, ambako watoto wa wakulima na wawindaji walisomeshwa elimu ya viumbe karibu na msitu wenyewe, si katika mji mkubwa. Kwa upande wetu, Hifadhi ya Kisimba-Ikobo ilipata hati ya waziri mwaka 2006, sawa na Tayna. Mapatano, kama wazee walivyoyafahamu, yalikuwa mepesi: sisi tutoe msitu, watoto wapate elimu, na elimu hiyo iwape riziki. Msitu tumeutoa, elimu wameipata, ama riziki ndiyo tuidaiyo.

Wala hapana awezaye kusema kwamba kazi haipo. Watafiti walipotangaza mwaka 2016 kwamba gorila wa Grauer, ambaye hapatikani popote duniani ila mashariki ya Kongo, amepungua kutoka takriban 16,900 hadi 3,800 katika muda wa miaka 20, walimwengu walishtuka. Na makadirio ya mwaka 2021 yalipofikisha hesabu 6,800, si kwamba wanyama walikuwa wamezaana ghafla, bali watu walikwenda kuhesabu mahali ambapo hapo kwanza hapakuhesabiwa vyema. Na kazi hiyo hufanywa kwa miguu. Gorila hujenga kiota kipya kila usiku, na mtoto anyonyaye hulala na mama yake, hivyo mwenye kuhesabu hufuata nyayo mpaka kwenye malazi ya jana, akahesabu viota kimoja kimoja, akapima kinyesi apate kukisia umri wa kila aliyelala pale. Ni nani afaaye kwa shughuli hiyo kuliko kijana ambaye babu yake alimfundisha kufuata nyayo na mwalimu wake akamfundisha kujaza jedwali?

Nina jirani ambaye mwanawe ni kijana wa namna hiyo. Baba aliuza mbuzi, akauza mawese, mwisho akauza kipande cha shamba la migomba, almuradi apate minervali, yaani ada ya chuo, ya miaka mitano. Leo kijana huyo hushinda kando ya barabara iendayo Kisangani, chini ya turubai, mbele ya mzani, akiandika daftarini uzito wa viroba vya madini ya kasiteriti vinavyoshushwa migongoni mwa wapagazi. Ukimuuliza habari za kupima miti, atakueleza kwa furaha kwamba utepe huzungushwa penye kimo cha mita 1.30 kutoka ardhini, na kwamba mti wenye mizizi mipana iliyopanda shinani hupimwa juu ya pale mizizi hiyo inapokoma. Kisha kiroba kingine huletwa, naye hurudi kwenye daftari lake. Elimu ile haijampatia hata faranga moja.

Si kwamba hakuomba. Nimesoma kwa macho yangu tangazo la kazi lililobandikwa mlangoni mwa ofisi ya shirika moja, nami sitalitaja jina, likitaka mwombaji awe na uzoefu wa miaka mitano, ajue Kiingereza kwa ufasaha, awe na leseni ya kuendesha gari, na maombi yake yapelekwe kwa intaneti. Uzoefu wa miaka mitano ataupata wapi mtu aliyefungiwa mlango tangu mwaka wa kwanza? Ama Kinyanga na Kikumu, lugha za watu wa vijiji atakavyotumwa kuvizungukia, hazikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Linaloumiza zaidi ni kwamba sheria iko upande wetu. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014, iliyotokana na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inaziruhusu jamii kumilikishwa misitu waliyorithi kwa mila, hadi hekta 50,000. Lakini ili jamii iutumie msitu huo sharti kuwe na ramani, hesabu ya miti na wanyama, na mpango wa usimamizi, yaani kazi zilezile ambazo vijana wetu walizisomea wakatahiniwa na kufaulu. Badala yake huletwa wataalamu wa muda, wakalala kijijini siku chache, wakachukua majina ya mito na vilima vinywani mwa wazee, wakaondoka, na baadaye ikaja ripoti ya Kifaransa ambayo mzee aliyetoa habari zote zile hawezi kuisoma.

Najua nitajibiwa kwamba kuna vita. Ni kweli: Goma ilitwaliwa Januari 2025, na Machi ya mwaka huohuo mapigano yakafika Walikale mjini, masomo ya wengi yakakatika. Lakini mtindo huu wa kuajiri ulikuwapo kabla ya hapo, na hali ya usalama inapochafuka, mgeni ndiye wa kwanza kupanda ndege.

Kwa hiyo tunawasihi wakuu wa jimbo, wasimamizi wa hifadhi na wenye mashirika, kila mpango wa usimamizi wa msitu wa jamii uandikwe pamoja na mhitimu wa mahali hapohapo, na jina lake litiwe katika waraka. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wapokewe kwa staji, wapewe posho na buti, na miezi hiyo ihesabiwe kuwa ni uzoefu. Na sharti la Kiingereza lisiwekwe katika kazi ya kuhesabu viota. Wenye kuhusika na watujibu katika kurasa hizi, kabla mwaka mwingine wa masomo haujafunguliwa na wazazi wengine hawajatoa minervali.

Wako katika kuidai haki,
Mzazi,
Walikale