MAMBO YA NYUMBANI: Chungu Kimoja kwa Nyumba Nzima



Leo tuzungumze juu ya vyakula tunavyovipenda sana: maandazi, chapati, wali wa nazi, na chai yenye sukari nyingi. Siku hizi hata vijijini wako watu wanaopimwa zahanati wakaambiwa wana kisukari, au shinikizo la damu, au uzito umewazidi.

Baba akipewa habari hiyo, mara nyingi mambo huenda hivi. Mama humpikia chungu chake peke yake, mboga za kuchemsha tu, zisizo na kiungo. Watoto hula chapati mbele yake. Wiki ya kwanza baba huvumilia. Wiki ya pili hunung'unika. Wiki ya tatu hupitia kwa muuza maandazi, akala matatu amesimama, kisha akarudi nyumbani kimya. Mama hubaki akishangaa mbona sukari haishuki.

Msimcheke. Chakula kilichogeuzwa kuwa adhabu hakidumu. Afadhali tubadili mapishi ya vile vile tuvipendavyo, na nyumba nzima ile chungu kimoja.

Kwanza yafaa tujue jambo hili. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya sukari au ya wanga ina kalori 4, lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Basi kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, sawasawa na vijiko vidogo 7 vya sukari. Nguvu isiyotumika kwa kazi, mwili huiweka akiba, na akiba hiyo ndiyo unene.

Chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima akipunguza sukari ya kuongezwa hata isizidi gramu 25 hivi kwa siku, itamfaa zaidi. Hizo ni vijiko vidogo 6. Mwenye kunywa vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu amekwisha kupita, na bado hajala kitu. Msiondoe sukari yote kwa siku moja. Punguzeni nusu kijiko kila wiki, na chai ichemshwe na tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai. Ulimi utazoea pole pole. Na soda je? Chupa moja ya mililita 300 mara nyingi ina sukari vijiko 7 au zaidi. Mwenye kiu anywe maji, na ndimu akipenda.

Maandazi. Unga wenyewe si tabu kubwa. Tabu ni mafuta unayonywa ukiwa ndani ya karai. Chukueni unga ule ule wa hamira, sukari iwe nusu. Pakeni sufuria mafuta kidogo, pangeni madonge, yaacheni yaumuke. Kisha funikeni kwa mfuniko wa bati, makaa machache chini na mengi juu, mpaka yawe ya rangi nzuri. Zitakuwa skonzi, si maandazi hasa, lakini watoto hawatazikataa. Siku nyingine kuleni viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha.

Chapati. Msimimine mafuta kutoka chupani. Kaangeni chapati kavu kwanza pande zote mbili, kisha ipakeni kijiko kidogo kimoja cha mafuta. Itabaki laini mkiifunika kwa kitambaa mara itokapo motoni.

Wali wa nazi. Mafuta mengi yamo katika tui zito la kwanza. Siku za kawaida pikieni tui jepesi, na lile zito liwe la sikukuu. Harufu ya nazi itabaki.

Sasa tahadhari. Viko vitu ambavyo watu hudhani ni badala ya sukari, kumbe sivyo. Asali na sukari guru ni sukari pia; tena kijiko cha asali, kwa kuwa ni nzito, kina kalori zaidi ya kijiko cha sukari. Juisi ya matunda hunyweka upesi kuliko matunda yenyewe, kwa hiyo ni heri kula chungwa. Karanga ni chakula bora, lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Konzi moja yatosha. Na vile vidonge vya utamu vya dukani? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivitegemee kupunguza uzito. Aliye na kisukari tayari amwulize mganga wake.

Tena, shauri hili si la kila mtu. Watoto wadogo wahitaji mafuta ili wakue. Uji wao msiupunguzie karanga wala maziwa. Vivyo hivyo mama mjamzito na mtu aliyekonda. Na anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze chakula kabla ya kusema na mganga, maana sukari yaweza kushuka ghafla. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, naye aweza kumeza, apewe mara moja maji ya sukari, kisha apelekwe zahanati.

Haya, akina mama, wiki hii chagueni kimoja tu: chai, au maandazi, au chapati. Wiki ijayo ongezeni kingine. Nanyi akina baba, sifieni mapishi mapya. Mpishi asiyepewa neno jema hurudia karai lake.