Acheni Karatasi ya Mshahara, Fuateni Majumba ya Ufuoni

Mwanzoni mwa 2023, mhudumu wa vyumba katika hoteli ya Malindi anayelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi alikuwa akikatwa 950: 750 za bima ya afya ya NHIF na 200 za akiba ya uzeeni ya NSSF. Siku hizi anakatwa 2,050. NSSF inachukua 1,200, bima ya afya ya SHIF 550, ushuru wa nyumba 300. Kazi ni ile ile, vitanda ni vile vile, na bei ya unga haikumsubiri.

Mwajiri wake naye alikuwa akimlipia 200 tu juu ya mshahara. Sasa anamlipia 1,500. Hoteli yenye wafanyakazi 60 wa kiwango hicho imeongezewa shilingi 78,000 kila mwezi, iwe ni Krismasi vyumba vimejaa, au ni Mei, mvua inanyesha na langoni yuko askari peke yake. Hesabu hii haihitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Meneja anaipiga kwa kalamu, kisha anaamua. Mkataba ukiisha hauandikwi mwingine. Watu wanaitwa kwa siku, wanalipwa jioni, kesho wasubiri simu.

Sheria inasema kibarua naye akatwe na alipiwe. Lakini ni nani Pwani asiyejua kwamba jina lililoandikwa kwenye daftari la getini mara nyingi linaishia hapo hapo getini? Yule mhudumu akigeuzwa kibarua, serikali haipati tena zile 2,050 wala zile 1,500 za mwajiri. Alikuwa analeta 3,550 kila mwezi, sasa haleti kitu. Akiugua, hospitali ya umma itamtibu vilevile, na akizeeka bila akiba, mzigo utawarudia watoto wake na kaunti. Kiwango kimepanda, walipaji wamepungua, halafu watu wa Hazina Kuu wanashangaa mbona makadirio hayatimii.

Na kabla ya hapo pesa zimeshaacha kuzunguka mjini. Shilingi 1,100 zilizotoka mfukoni mwa mtu wa 20,000 hazikuwa za anasa. Zilikuwa za tuktuk, za samaki, za deni la dukani. Mwenye duka wa Maweni au Majengo akiuza kidogo, ananunua kidogo, na ile VAT ya 16% iliyokuwa kwenye sabuni na mafuta ya kupikia inapungua pia. Serikali inachukua kwa mkono mmoja na kupoteza kwa mwingine.

Kuna jambo jingine linalosemwa kwa nadra. Mwajiri mkubwa kuliko wote ni serikali yenyewe. Kwa kila mwalimu, askari na muuguzi, inatoa 1.5% ya mshahara kutoka bajeti yake na kuipeleka kwenye hazina ya nyumba, kisha inaihesabu kama mapato mapya. Kaunti ndiyo inayoumia zaidi. Muuguzi wa shilingi 60,000 anaigharimu kaunti 900 zaidi kila mwezi, na kaunti haina kiwanda cha kuchapisha noti. Pesa hizo zinatoka kwenye mgao ule ule unaochelewa kutoka Nairobi, ule ule wa kununua dawa na kukarabati barabara.

Sasa mtazame mwalimu aliyechukua mkopo Sacco ya Imarika ili amalizie nyumba yake Ganze au Magarini. Sheria ya Ajira inataka mfanyakazi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Makato ya lazima yakipanda, nafasi ya mkopo inafinyika. Mtu anakatwa pesa za nyumba za bei nafuu mjini huku yake mwenyewe ikikosa mabati. Na katika kaunti hii ya Kilifi, ambako familia nyingi zinakaa kwenye ardhi isiyo na hati, wengi wangeuliza kwanza habari ya hati kabla ya habari ya ghorofa.

Hatusemi watu wasilipe. NSSF ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, na hospitali haiendeshwi kwa maombi. Tunachosema ni kwamba mnazi unaogemwa tembo kila asubuhi hauzai nazi, na Kenya imeshikilia mnazi mmoja. Wenye ajira rasmi ni kama milioni 3, katika nchi ambayo zaidi ya wanane kati ya kila wafanyakazi kumi wako jua kali.

Mahakama Kuu ilishalisema hili. Novemba 2023 ilipofuta ushuru wa nyumba, sababu mojawapo ilikuwa kwamba unawabagua walioajiriwa rasmi. Bunge likaandika sheria upya, ikatiwa sahihi Machi 2024, ikisema kila mwenye kipato alipe 1.5%. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mzigo bado umemlalia mwenye karatasi ya mshahara, kwa sababu huyo hana pa kujificha: anakatwa kabla hajazishika pesa. Juni 2024 vijana walipoingia barabarani na Mswada wa Fedha ukaondolewa, makato haya hayakuguswa. Oktoba mwaka huo huo SHIF ikaanza, na Februari 2025 kikomo cha mshahara unaokatwa NSSF kikapanda tena.

Basi pesa ziko wapi? Shuka Watamu jioni moja, au pita barabara ya ufuoni kutoka Malindi mjini kwenda Mayungu, kisha uhesabu mageti. Majumba yenye mabwawa ya kuogelea, yanayokodishwa wageni kwa wiki moja kwa pesa ambazo mhudumu wetu haziingizi kwa miezi. Viwanja vya ufuoni vimezungushiwa ukuta miaka na miaka, ndani ni vichaka, wenyewe wanangoja bei ipande. Katiba, kifungu cha 209, imezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo. Sheria ya kodi ya mapato haijamsamehe mwenye jumba. Nyumba haihamishwi usiku ikapelekwa Dubai. Haiwezi kuitwa kibarua. Ina nambari ya kiwanja, na ina mita ya Kenya Power.

Kila mtu anayajua haya. Yanakwepwa kwa sababu mwenye jumba ana simu ya mkubwa, na mhudumu hana. Kaunti nyingi zimerithi orodha za thamani ya ardhi kutoka kwa mabaraza ya zamani, na kuziandika upya kunamaanisha kugonga mageti ya watu wanaochangia kampeni. Kukata mshahara ni rahisi. Mhasibu anabonyeza kitufe.

Bunge linaweza kuanza na jambo dogo. Tayari kodi ya mshahara, PAYE, haimgusi anayepata chini ya 24,000 kwa mwezi. Ushuru wa nyumba unaanzia shilingi ya kwanza. Uanzie hapo kwenye 24,000, kwa mfanyakazi na kwa mwajiri, na meneja wa hoteli atakuwa na sababu moja pungufu ya kuvunja mikataba. Ufaransa, nchi isiyojulikana kwa kuogopa kodi, imekuwa ikipunguza makato ya mwajiri kwa wenye mishahara ya chini tangu 1993, kwa sababu hiyo hiyo ya kulinda ajira.

Na Kaunti ya Kilifi itoe hadharani orodha ya viwanja vya ufuoni kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni: nambari ya kiwanja, thamani ya leo, kodi inayodaiwa na kodi iliyolipwa. Tunataka kuiona orodha hiyo kabla bajeti ijayo haijasomwa, na kabla mtu yeyote hajapendekeza asilimia nyingine ya mshahara.