Mbuyu Hauna Kibao

Zuzu, kwenye kamusi, ni mtu aliyepumbaa, asiyejua mambo. Zuzu, kwenye Jiji la Dodoma, ni kata. Wenyeji wameusikia utani huo mpaka umechakaa, kwa hiyo sitaurefusha. Nimeutaja kwa sababu moja tu: nimerudi kutoka Zuzu nikiwa na hakika kwamba aliyepumbaa ni mchora ramani.

Kwa msiocheza: kuna michezo ya simu inayomlazimu mchezaji kutoka nje na kutembea. Ingress ilianza mwaka 2012, Pokémon GO ikafuata Julai 2016. Vituo vya mchezo ni mahali halisi: sanamu, mchoro ukutani, kanisa, uwanja. Wachezaji wanaruhusiwa kupendekeza vituo vipya kupitia mfumo unaoitwa Wayfarer. Unapiga picha, unaandika jina, unaandika maelezo mafupi, unatuma. Halafu wachezaji wenzako wanapiga kura. Wengi hukataliwa, na wengi hulalamika.

Mimi sikutuma ombi lolote. Nilichofanya ni zoezi la kihakiki: nilichukua vigezo vilivyotangazwa, nikatembea navyo Zuzu kama mtu anavyotembea na futi kamba.

Shule ya msingi? Haipiti. Sawa kabisa, hatutaki watu wazima wageni wakizurura na simu kwenye uzio wa watoto. Nyumba ya tembe iliyobaki imesimama vizuri? Haipiti, ni makazi ya mtu. Hilo nalo ni sawa. Kanisa? Linapita, na mlangoni kuna maandishi. Uwanja wa mpira wenye magoli ya miti? Hapo bahati nasibu. Mhakiki wa mbali akifungua picha ya setilaiti ataona vumbi jekundu, aseme ni kiwanja kitupu.

Halafu nikafika kwenye mbuyu.

Chini yake walikuwa wamekaa wazee watatu. Nikawasalimu, "Mbukwenyi," kwa Kigogo changu cha kuokoteza, kisha nikarudi kwenye shikamoo niliyoizoea.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepotea?"

"Hapana, babu. Nauliza tu, mti huu hauna kibao? Cha kueleza habari zake?"

"Kibao cha nini? Nani hapa asiyeujua?"

Jamani, hapo ndipo penye kesi yangu yote. Kanuni inasema kitu cha asili, kama mti au mwamba, hakikubaliki peke yake mpaka kiwe na kitu kilichotengenezwa na binadamu cha kukitambulisha, kama kibao. Sasa kibao ni cha nani? Ni cha mgeni. Mahali pasipotarajia wageni hapaweki kibao, kama vile wewe usivyoandika "mama" kwenye kanga ya mama yako. Kanuni inakosea kwa kudhani kwamba pasipo na maandishi hapana maana.

Tena kuna la pili. Picha kuu haitakiwi kuonyesha watu. Nia ni njema, faragha ilindwe. Lakini uzito wa mbuyu ule ni wale waliokaa chini yake: mikutano, mashauri ya ndoa, ugomvi wa mipaka ya mashamba. Ukiwaondoa watu ili picha ikubalike, umeuondoa ushahidi. Kinachobaki ni mti. Na mti, eti, haupiti.

Sisi wa fasihi tunamjua mhakiki wa namna hii. Ndiye aliyesema kwa miaka mingi kwamba Waafrika hawakuwa na fasihi kwa kuwa hakukuta vitabu rafuni. Tumepigana naye madarasani mpaka "fasihi simulizi" ikapata sura yake kwenye silabasi. Amerudi, safari hii ana simu mkononi na kitufe cha "kataa".

Wala si Afrika peke yake. Sehemu ya vituo vya kwanza vya Ingress ilitokana na orodha za alama za kihistoria zilizokwishakusanywa, na Pokémon GO ikarithi vituo hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Urban Institute walihesabu vituo vya Ingress jijini Washington: wastani wa 55 kwenye mitaa yenye wazungu wengi, 19 kwenye mitaa yenye weusi wengi. Mwenye kibao huongezewa kibao.

Najua jibu: "Bana, ni mchezo tu." Ungekuwa mchezo tu nisingekaa kuandika. Kampuni ya Niantic, iliyoijenga michezo hii, ilitangaza Novemba 2024 kwamba inaunda modeli kubwa ya kuifundisha kompyuta kuuelewa ulimwengu, ikitumia pia picha za mahali zilizochanganuliwa na wachezaji. Mwaka 2025 ikauza biashara yake ya michezo kwa Scopely kwa dola bilioni 3.5, yenyewe ikabaki na kazi ya ramani. Mashine inafundishwa dunia ikoje kupitia mahali palipokubaliwa. Zuzu isipokuwamo, mashine nayo itakuwa zuzu kuhusu Zuzu.

Wengine wanashauri njia fupi: gonga kibao chako mwenyewe kwenye mti, upige picha, utume. Napinga. Kwanza ni uongo. Pili ni kukubali hoja ya mpinzani, kwamba mbuyu ulikuwa bure mpaka ulipopigwa msumari.

Ila tusijitakase. Maombi mengi hukataliwa kwa haki. Picha imetikisika. Jina ni "Mti mkubwa". Maelezo ni "Mahali pazuri pa kupumzika". Ungekuwa wewe mhakiki uliye nchi ya mbali ungekubali? Maelezo yale ni insha fupi kabisa, na watu wanaojiita waandishi wanashindwa kuiandika. Tazama na vitabu vyetu: Dodoma ni Bunge, vumbi na zabibu. Mbuyu huwekwa aya ya kwanza kama pambo, halafu mhusika hupanda basi kwenda Dar es Salaam. Tusipoandika sisi, mgeni atakisia.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwao: matumizi ya jamii yahesabiwe kama kibao, na anayepiga kura juu ya Zuzu awe walau anaishi kanda hii. Kwetu: tuandike. Mimi naanza, bila kutuma popote:

"Mbuyu wa mkutano, Zuzu. Wazee hukaa upande wa mashariki jioni kwa sababu ya kivuli. Ukiambiwa 'tukutane mbuyuni', ni huu. Usiulize upi."