Tikiti Si Sadaka

Mimi ni mama wa mchele hapa Jego, kaunti ya Kwale. Karani wa soko hunikuta nishatandaza gunia langu la mchele wa Vanga, nao una harufu mtu huijua kabla hajaufikia. "Shikamoo mama, ushuru." Nalipa, naifunga risiti kwenye pindo la leso. Nikiuza nisiuze, risiti ile ni ya siku ile tu, kesho nyingine. Sina kinyongo. Barabara ya kwenda Lunga Lunga naitumia, na zahanati naitumia.

Kwa hivyo, niliposoma habari za bustani za burudani za dini kule Marekani, hazikunipita hivi hivi. Orlando, jimbo la Florida, mwaka 2001 ilifunguliwa Holy Land Experience, Yerusalemu ya kale iliyojengwa upya, watu wakiingia kwa tikiti. Walipodaiwa kodi ya ardhi, wenye bustani hiyo wakasema pale ni mahali pa kuhubiri. Wakavutana mahakamani, na mwaka 2006 jimbo likatunga sheria ya kuwasamehe. Kentucky nako, safina kubwa ya Nuhu iitwayo Ark Encounter ilifunguliwa mwaka 2016. Mwaka uliofuata mji wa Williamstown ukataka senti 50 za dola kwa kila tikiti, pesa za polisi na zimamoto. Wenye safina wakaiuza ardhi kwa jumuiya yao wenyewe isiyo ya faida. Kwa dola 10! Jimbo lilipowasimamishia nafuu ya kodi ya utalii, wakairudisha ardhi walikoitoa.

Sasa fikirieni moto umeshika safinani kabla hawajairudisha. Mwenye duka la mkate wa Williamstown ndiye angekuwa amelipia gari la kuuzima.

Hayo ni ya mbali, lakini swali lake tunalo hapa Kwale. Chama chetu cha akina mama kilikwenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu upande wa Diani. Tulilipa kiingilio, tukafungwa kitambaa cheusi kiunoni, tukaambiwa hata jani tusitoke nalo. Kijana aliyetuongoza alikuwa akisema kwa sauti ya chini, na sisi tuliokuja tukicheka garini tukajikuta tumenyamaza. Baadhi ya kaya za Wamijikenda ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na Kinondo imekuwa ikipokea wageni tangu 2001. Mbele kidogo kijana akasimama. Kuna mahali, akasema, mgeni hafikishwi. Hapo ni pa wazee na maombi yao.

Kwangu mimi mpaka wa kodi uko pale aliposimama yule kijana. Palipo na maombi, serikali ikae mbali, isitoze hata senti, pawe kaya, msikiti au kanisa. Palipo na kiingilio, pana biashara, na hesabu yake ifanywe kama ya hoteli yoyote ya Diani. Kama pesa ya mgeni inakwenda kulinda msitu au kusomesha watoto, ionyeshwe kwenye vitabu, isamehewe kwa sababu hiyo.

Najua nitaambiwa dini inalisha maskini. Inalisha, nimeona kwa macho yangu, na Sheria yetu ya Kodi ya Mapato tayari inasamehe taasisi zilizoundwa kuondoa umaskini, kuendeleza dini au elimu. Sipingi. Ninachopinga ni neno dini kuwa pazia la kila kilicho nyuma yake. Pengo la kodi unayomsamehe mmoja lazima lizibwe na mwingine. Kumsamehe ni kumchangia. Basi Mwislamu wa Jego anachangia mahubiri asiyoyaamini, na Mkristo wa Ukunda naye vivyo hivyo, na hakuna aliyeulizwa. Katiba yetu, Ibara ya 8, inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Mimi naisoma kuwa hata mfuko wa taifa usiwe sahani ya sadaka.

Tena kuna dhuluma nyingine, nayo inaniuma zaidi. Msamaha humfikia mwenye wakili na mhasibu. Mzee wa ngambi, baraza la wazee wa kaya, aliyeulinda msitu maisha yake yote hana yeyote wa kumjazia fomu.

Dawa imo katika Katiba hiyo hiyo. Ibara ya 210 inataka kila msamaha wa kodi uandikwe kwenye kumbukumbu ya umma pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Nayo Ibara ya 209 imezipa kaunti kodi ya ardhi na ya burudani, kwa hivyo lango lenye tikiti ni jambo la Kwale pia.

Kila mwaka tunaitwa kutoa maoni juu ya Mswada wa Fedha wa kaunti. Mara nyingi tunakwenda kulalamikia ushuru wetu wa soko, tunapewa maji ya chupa, tunarudi. Safari ijayo nitakwenda na risiti zangu zote za mwaka, nizimwage mezani, kisha niombe nisomewe majina ya waliosamehewa, mmoja mmoja, na sababu ya kila mmoja. Nitasubiri mpaka jina la mwisho lisomwe.