Kumtoa mtu aliyekimbilia nchi nyingine

Watu wengi wakisikia neno ekstradisio wanafikiri ni kumkamata mtu kule alikokimbilia na kumrudisha amefungwa kamba. Sivyo. Leta inayomtaka huandika kwanza kwa Leta aliko, kwa njia ya mabalozi, ikitaja kosa, sheria iliyovunjwa na amri ya kumkamata. Kwa desturi, jambo hilo liwe kosa katika nchi zote mbili. Halafu tribinali ya kule inasikiliza, na mtu ana wakili wake. Tribinali hiyo haimhukumu kwa kosa lenyewe. Inatazama tu kama sheria inaruhusu atolewe. Mwisho serikali ndiyo inayotia sahihi, au inakataa.

Tena kuna kosa la politiki. Ubelgiji wenyewe, waliotutawala, waliandika katika sheria ya 1 Oktoba 1833 kwamba mgeni hatatolewa kwa kosa la namna hiyo. (Miaka mitatu nyuma walikuwa wamemwasi mfalme wa Uholanzi, walijua maana ya kuitwa mwasi.) Mwaka 1856 wakapunguza: kumwua mkuu wa nchi ya kigeni kusihesabiwe politiki.

Sasa tutazame jambo la Moïse Tshombe. Machi 1967 tribinali ya Kinshasa ilimhukumu kifo, yeye mwenyewe akiwa Ulaya. Tarehe 30 Juni ndege yake ilitekwa huko Hispania, ikapelekwa Algeria. Kinshasa ikaomba apewe. Julai Tribinali Kuu ya Algiers ikakubali, lakini Prezidenti Boumediene hakumtoa, wala hakumwachilia.

Wengine kati yetu walifurahi kusikia ametekwa. Tunawaelewa, lakini hatukubaliani nao. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba alipakiwa katika ndege, akakabidhiwa kwa adui zake Katanga, bila juji, bila wakili, na usiku ule akauawa. Sisi tuliomlilia tutasemaje kwamba ndege ya kuteka ni njia njema, kwa sababu tu safari hii abiria ni Tshombe? Algeria ilipaswa kumpeleka Kinshasa kwa sharti la kuhukumiwa upya, waziwazi, yeye akiwapo, au kumfungulia mlango aende zake.

Ilimweka miaka miwili. Alikufa kule 29 Juni 1969, na habari za kifo cha Lumumba hakuzijibu mbele ya tribinali yoyote.