Bei ya Injini ya Marehemu
Mama mwenzangu wa Kibirizi, umeuliza: injini ya boti aliyoiacha baba watoto, shemeji anaitaka kwa “bei ya udugu”. Useme ngapi?

Maadamu mahakama imekwisha kukuteua msimamizi wa mirathi, kutaja bei ni juu yako. Usianzie bei aliyonunulia marehemu. Uliza mpya ya ukubwa uleule inauzwaje leo. Halafu waulize wavuvi wa Ujiji zilizotumika ziliuzwa ngapi, si zilitajwa ngapi. Fundi asiyejuana na shemeji aiwashe mbele yako, ndipo uondoe gharama za matengenezo.

Wala usiuze wakati wa mbalamwezi: dagaa hawafuati taa, wavuvi hupumzika, mifuko mitupu. Subiri giza. Shemeji akifikia bei hiyo, aichukue. Akipunguza, anapunguza ada ya watoto wa kaka yake.