Pini Nyuma ya Mdoli

Jumanne iliyopita, katika duka moja la nguo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mama wa makamo alisimama mbele ya mdoli uliovishwa gauni la kitenge. Gauni lilikuwa limeushika mdoli kana kwamba limeshonewa juu yake. Mama akalipenda. Kijana muuzaji akamtolea jingine la namna hiyohiyo, naye akaingia nyuma ya pazia kujaribu.

Alipotoka, kiunoni linapwaya, nyongani limebana. Kijana akamtazama juu hadi chini. “Gauni halina tatizo, mama. Ni mwili tu.”

Mama yule aliinamisha macho. Mwandishi wa safu hii, aliyekuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, alizunguka nyuma ya mdoli kwa hasira: pini sita, na vibanio viwili vya kuanikia nguo. Kitambaa cha kutosha kumshonea mtoto kaptura kilikuwa kimekunjwa na kubanwa mgongoni, upande ambao mteja haoni.

Huo ni wizi. Wasomaji wa siku nyingi wanaijua vita ya safu hii na mizani ya wauza nyanya inayodanganya. Hii ndiyo mizani ileile, safari hii imevishwa kitenge. Tena mwizi wa nyanya ana nafuu, kwani hamwambii mteja kwamba kosa ni la mwili wake.

Ulaya nako hawajambo kwa uongo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichapisha matokeo ya kuchunguza midoli ya madukani Liverpool na Coventry: ya kike yote ilikuwa na mwili wa mtu mwenye uzito pungufu, ya kiume asilimia 8 tu. Kariakoo imekimbilia upande wa pili, kiuno cha nyigu juu ya nyonga za kutisha, na aghalabu kichwa hakuna.

Plastiki haikatai umbo. Mwaka 2013 shirika la Pro Infirmis la Uswisi liliwapima watu wenye ulemavu, likatengeneza midoli yenye maumbo yao na kuisimamisha kwenye vioo vya maduka ya Bahnhofstrasse, Zurich.

Mama alirudisha gauni, akajifunga khanga yake, akatoka. Pini moja ilikuwa imedondoka. Kijana akaiokota, akairudisha mgongoni mwa mdoli. Mama hajavuka hata barabara, kijana ameshaita mwingine: “Dada, karibu! Likikukaa utakuwa kama hivi.”